Kasta, Tabaka na Mamlaka katika Riwaya za Kisasa za India: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa tena na tena na watu waliokwisha kusoma riwaya moja au mbili za India na kubaki na hisia kwamba kuna jambo limewapita. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayobishaniwa. Jambo lililokwisha kuelezwa mahali pengine halirudiwi. Msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika. Baadhi ya majibu yanafichua mwisho wa hadithi, kwa kuwa mara nyingi ni mwishoni ndipo mamlaka hujionyesha waziwazi.

## Mambo ya msingi

1. Kasta ni nini, na inatofautiana vipi na tabaka la kiuchumi?

Kasta ni kundi ambalo mtu huzaliwa ndani yake, hutarajiwa kuoa au kuolewa ndani yake na, kwa desturi ya zamani, hurithi kazi yake. Wahindi huliita jati, nazo jati ziko maelfu. Maandiko ya kale yalizipanga katika ngazi nne kuu: Wabrahmini ambao ni makuhani na wasomi, Wakshatriya ambao ni watawala na wapiganaji, Wavaishya ambao ni wafanyabiashara, na Washudra ambao ni wakulima na watumishi. Chini ya ngazi zote hizo waliwekwa watu waliohesabiwa kuwa najisi kwa sababu ya kazi walizolazimishwa kuzifanya, kama vile kuchuna mizoga, kutengeneza ngozi na kuzoa kinyesi. Hao ndio ambao leo wengi wao hujiita Wadalit. Sensa ya 2011 iliwahesabu kuwa asilimia 16.6 ya watu wa India, yaani zaidi ya milioni 200.

Tabaka la kiuchumi hutegemea kile mtu alicho nacho, na anaweza kulipanda au kulishuka katika maisha yake. Kasta haibadilishwi na mshahara wala shahada. Riwaya nyingi zinazozungumziwa hapa zimejengwa pale ambapo vitu hivi viwili havilingani: fundi hodari ambaye hakaribishwi ndani ya nyumba anayoitengeneza, kuhani fukara ambaye bado anaogopwa, dereva aliyetajirika huku akikumbuka kila siku alikotoka. Anayezisoma akitafuta matajiri na maskini peke yao ataelewa nusu ya hadithi.

2. Je, katiba ya India haikuufuta mfumo huu?

Ibara ya 17 ya katiba iliyoanza kutumika mwaka 1950 ilipiga marufuku desturi ya kumtenga mtu kama najisi. Haikuifuta kasta yenyewe. Mwaka 1989 ikapitishwa sheria maalumu ya kuwaadhibu wanaowafanyia ukatili Wadalit na watu wa makabila ya asili, jambo ambalo peke yake linaonyesha kwamba ile ibara haikutosha. Serikali pia imetenga nafasi za masomo, kazi na viti vya uwakilishi kwa makundi yaliyokandamizwa, na uamuzi wa mwaka 1990 wa kuongeza nafasi za ajira kwa kasta nyingine za chini ulizua maandamano makali ya vijana wa kasta za juu.

Riwaya hufanya kazi yake katika mwanya huu uliopo kati ya sheria na desturi. Hakimu anaweza kusoma ibara. Riwaya inaweza kuonyesha jinsi mtu anavyomiminiwa maji kutoka juu ili chombo kisiguse kiganja chake.

3. Ambedkar ni nani, na kwa nini jina lake hujitokeza kila mahali?

Bhimrao Ramji Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika kasta ya Mahar iliyohesabiwa kuwa najisi, akasoma hadi kupata shahada za uzamivu New York na London, na akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba. Mwaka 1927 aliongoza maelfu ya watu kwenda kunywa maji ya bwawa la umma katika mji wa Mahad, maji ambayo sheria iliwaruhusu na desturi iliwakataza. Mwaka 1936 aliandika hotuba kali akidai kwamba kasta haiwezi kurekebishwa bali ni lazima iangamizwe. Waliomwalika walipoisoma mapema waliufuta mkutano, naye akaichapisha kwa fedha zake. Oktoba 1956, wiki chache kabla ya kifo chake, aliingia dini ya Buddha mjini Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi.

Waandishi wa Kidalit wanamhesabu kuwa baba yao wa fikra. Gandhi aliwataka wenye kasta za juu wabadilike mioyo. Ambedkar aliwataka waliokandamizwa wadai haki zao. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha riwaya zinazomhurumia Mdalit na zile zinazompa kauli.

4. Nianze na kitabu gani?

Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, anza na *Karukku* cha Bama, mwanamke Mdalit, kilichotoka kwa Kitamili mwaka 1992. Ni kifupi na hakimpi msomaji mahali pa kujificha. Kisha soma *The God of Small Things* cha Arundhati Roy, na baada yake *Pyre* cha Perumal Murugan. Wengi huanza na *The White Tiger* kwa sababu kinasomeka haraka, na hakuna ubaya, mradi usiishie hapo. Tazama pia swali la 11 kuhusu lugha.

## Riwaya zinazosomwa zaidi

5. Katika *The God of Small Things*, kwa nini Velutha anauawa ilhali kila mtu anamhitaji?

Anauawa kwa sababu kuhitajiwa si sawa na kukubaliwa. Riwaya hii iliyopata tuzo ya Booker mwaka 1997 inatokea Ayemenem, katika jimbo la Kerala, mwaka 1969. Velutha ni Mparavan, kasta iliyohesabiwa kuwa najisi, mmoja wa watu ambao wazee wao, katika ujana wao, walilazimika kutambaa kinyumenyume wakifagia nyayo zao ili Wabrahmini na Wakristo wa Syria (Wakristo wa kale wa Kerala wanaojihesabu kuwa wa kasta ya juu) wasizikanyage kwa bahati mbaya. Yeye ni seremala wa kiwango cha juu na ndiye anayezifanya mashine za kiwanda cha achari zizunguke. Mwajiri wake, Mammachi, anamlipa chini ya ambavyo angemlipa seremala wa kasta inayogusika, lakini zaidi ya ambavyo angemlipa Mparavan. Sentensi hiyo moja ya Roy inastahili kusomwa mara mbili, kwa sababu ndani yake tabaka na kasta vimepimwa kwa mzani mmoja na mtu akapewa bei iliyo katikati, huku mlipaji akijiona mkarimu.

Velutha anapopendana na Ammu, binti wa Mammachi aliyeachika, kila chombo cha mamlaka kinageuka upande mmoja. Familia inapeleka mashtaka ya uongo kwa polisi. Inspekta hatangulii kutafuta ushahidi. Anatangulia kumwita Komredi Pillai wa chama cha Kikomunisti ili ajue kama mtuhumiwa, ambaye ana kadi ya chama, ana mtu wa kumtetea. Hana. Pillai alikwisha kumfukuza usiku ule, akisema chama hakikuundwa kutetea utovu wa nidhamu wa wafanyakazi katika maisha yao ya faragha. Polisi wanampiga mpaka anakata roho, na mtoto wa Ammu wa miaka saba analazimishwa kutamka neno la kumtia hatiani.

Wapo waliomlaumu Roy kwa kukionea chama ambacho kilichaguliwa kuongoza Kerala mwaka 1957 na kikagawa ardhi. Lawama hiyo ina uzito, lakini hoja ya riwaya inabaki pale pale: chama kilichojua kuhesabu matabaka kilishindwa kuiona kasta iliyokuwa imeketi ndani ya mikutano yake.

6. *The White Tiger* ni riwaya ya kasta au ya umaskini?

Ni ya umaskini kwanza, nayo inaitumia kasta kama kifaa cha kuueleza. Balram Halwai, msimulizi wa riwaya hii ya Aravind Adiga iliyoshinda Booker mwaka 2008, anadai kwamba zamani India ilikuwa na kasta elfu moja na sasa zimebaki mbili: wenye vitambi na wasio navyo. Hata hivyo, anapoomba kazi ya udereva, swali la kwanza la kabaila ni kuhusu jina lake: Halwai, ni kasta ya juu au ya chini? Jina la watengeneza peremende halikutosha kumwambia mzee yule aketi upande gani wa mizani, na mpaka ajue, mazungumzo hayawezi kuendelea.

Sehemu yenye nguvu zaidi si pale Balram anapomuua bwana wake Ashok, tajiri mpole anayejidanganya kwamba anampenda mtumishi wake. Ni pale Balram anapogundua kuwa dereva mwenzake ni Mwislamu aliyeficha dini yake ili apate kazi. Kwa kuijua siri hiyo, Balram anamwondoa na kuchukua nafasi yake. Maskini hapa hana mamlaka juu ya tajiri, lakini anayo juu ya maskini aliye dhaifu kuliko yeye, na anaitumia bila kusita.

Udhaifu wa kitabu ni sauti. Adiga alisoma Columbia na Oxford, na wapo wasomaji wa India wanaosema kwamba Balram anafikiri kama mwandishi wa gazeti, si kama mtu wa Bihar aliyeachishwa shule. Ni hoja ya haki. Swali la 10 linaiendeleza.

7. Kwa nini *A Fine Balance* ina ukatili mwingi kiasi hiki?

Kwa sababu Rohinton Mistry anafuatilia vizazi vitatu na anakataa kufumba macho pale ambapo kizazi cha kwanza kinapotoroka kazi ya ngozi. Dukhi, mchuna ngozi wa kijijini, anawapeleka wanawe wawili mjini kwa fundi cherehani Mwislamu wajifunze kushona. Ufundi unapatikana, fedha zinapatikana, na Narayan anarudi kijijini akiwa na cherehani yake. Kosa lake ni kutaka kupiga kura mwenyewe badala ya kuacha alama ya kidole gumba ambayo watu wa kabaila huijazia. Anauawa, na jamaa zake wanachomwa moto ndani ya nyumba yao.

Walionusurika, Ishvar ndugu yake na Om mwanawe, wanakimbilia jijini, nao wanakutana na Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya Indira Gandhi kuanzia Juni 1975 hadi Machi 1977, pamoja na kampeni yake ya kuwafunga watu uzazi kwa nguvu. Kabaila yule yule wa kijijini sasa ndiye mwenye cheo katika kambi ya upasuaji, na analipa kisasi kupitia kisu cha serikali. Riwaya hiyo ya 1995 inaonyesha wazi kuliko nyingine kwamba mamlaka ya zamani hayakuondolewa na dola ya kisasa, bali yalipewa mhuri na gari.

## Fasihi ya Wadalit

8. Fasihi ya Wadalit ni nini hasa?

Ni maandishi ya Wadalit wenyewe kuhusu maisha yao, yaliyoandikwa kwa lengo la kuyabadilisha. Yalipata nguvu kubwa katika lugha ya Kimarathi, ambako Baburao Bagul alitoa mkusanyiko wake wa hadithi fupi mwaka 1963 na Daya Pawar akatoa wasifu wake, *Baluta*, mwaka 1978. Mwaka 1972 vijana wa Bombay waliunda kundi la Dalit Panthers, wakichukua jina kutoka kwa Wamarekani weusi. Mmoja wao, mshairi Namdeo Dhasal, aliandika kwa lugha ya madanguro na mitaa ya mabanda alikokulia. Miaka ya tisini mkondo huo ukafika kwa kishindo katika Kitamili na Kihindi.

Lugha ni sehemu ya mapambano. Bama aliandika kwa Kitamili kinachosemwa na wanawake wa mtaa wake, chenye matusi na vichekesho vyake, wakati ambapo Kitamili cha vitabu kilitakiwa kisikike kama hotuba. Aliambiwa hajui kuandika.

9. Mbona vitabu vingi vinavyotajwa ni wasifu na si riwaya?

Kwa sababu kwa mtu ambaye ushahidi wake haukuwahi kukubaliwa, kusema "hili lilinipata mimi" ni tendo la kudai mamlaka kabla ya kuwa mtindo wa sanaa. Mpaka kati ya wasifu na riwaya ni mwembamba katika fasihi hii, nao waandishi hawahangaiki kuulinda.

Chukua tukio moja la *Karukku*. Bama mtoto anarudi kutoka shule na kumwona mzee wa mtaa wao akitembea ameshika kifurushi cha vitafunwa kwa ncha ya uzi, mkono ameunyosha mbali na mwili, kifurushi kikining'inia. Anacheka, akifikiri kwamba kifurushi kitafunguka na vitu vitamwagika. Mzee anafika kwa kabaila wa Kinaicker, kasta ya wenye ardhi, anainama, anakinyosha kifurushi huku mkono wa pili ukiushika ule wenye uzi, na kabaila anakipokea na kula. Nyumbani, kaka yake anamweleza kwamba hapakuwa na mchezo wowote: mzee angekigusa kifurushi, chakula kingehesabiwa kuwa kimenajisika. Kicheko kinakatika. Hakuna aliyepigwa na hakuna aliyetukanwa. Mzee mwenye heshima mtaani kwake amebeba vitafunwa, basi, na mtoto amejua ulimwengu wake ulivyo.

Omprakash Valmiki, katika *Joothan* ya mwaka 1997, anasimulia jinsi mwalimu mkuu alivyomfagilisha uwanja wa shule siku baada ya siku wakati wenzake wakisoma, mpaka baba yake alipopita na kumkuta. Anasimulia pia arusi ambayo mama yake alifanya kazi bila kuchoka, kisha akaomba chakula kidogo kwa ajili ya watoto. Mwenye arusi akamwonyesha kikapu cha makombo. Mama yule alikimwaga kikapu papo hapo na kuondoka, wala hakurudi tena mlangoni pale.

10. Je, mtu asiye Mdalit ana haki ya kuandika kuhusu Wadalit?

Haki anayo, swali gumu ni anaandika nini na kwa jicho gani. Premchand, mwandishi mkubwa wa Kihindi, aliandika mwaka 1932 hadithi fupi ya mwanamke anayekwenda usiku kuiba maji safi katika kisima cha kabaila kwa ajili ya mume wake mgonjwa. Mlango unafunguka, anaiachia ndoo, anakimbia, na kumkuta mume akinywa maji yale yale yanayonuka. Ni hadithi isiyo na neno la ziada, na imekuja miaka mitano tu baada ya Ambedkar kunywa maji ya Mahad (swali la 3). Hata hivyo, mwanamke wa Premchand anakimbia, na watu wa Mahad hawakukimbia. Mwaka 2004 wanaharakati wa Kidalit walichoma nakala za riwaya yake *Rangbhoomi* mjini Delhi, wakipinga jinsi inavyomtaja mhusika kwa jina la kasta tena na tena. Kuchoma kitabu hakukubaliki hata pale ambapo malalamiko ni ya kweli, lakini malalamiko yenyewe yanapaswa kujibiwa.

Mulk Raj Anand aliandika mwaka 1935 riwaya ya siku moja ya mfagiaji vyoo kijana, Bakha, ambaye mwishoni anasikiliza watu watatu wakimpa suluhisho: mmisionari, Gandhi, na mshairi anayesifu vyoo vya kuvuta maji. Bakha mwenyewe hatoi suluhisho lolote. Velutha wa Roy naye hapewi nafasi kubwa ya kusema, ingawa mwili wake umeelezwa kwa upendo mkubwa. Kwa wasomaji wengi wa Kidalit hilo ndilo kasoro: Mdalit katika riwaya za wengine huteseka vizuri, hufa vizuri, na huwafundisha walio hai.

Mfano wa kinyume ni Manoranjan Byapari wa Bengal, aliyejifunza kusoma akiwa gerezani na baadaye akawa mvuta riksho jijini Kolkata. Siku moja alimuuliza abiria wake maana ya neno gumu alilolikuta kitabuni. Abiria yule alikuwa Mahasweta Devi, mwandishi mashuhuri, ambaye alimwalika aandike katika jarida lake. Mahasweta alikuwa mtu wa kasta ya juu aliyeandika maisha yake yote kuhusu watu wa makabila ya asili, naye alijua kwamba kazi yake ilikuwa pia kumpa mwingine kalamu.

11. Nisome riwaya zilizoandikwa kwa Kiingereza au tafsiri?

Soma tafsiri zaidi. Walioandika kwa Kiingereza kwa muda mrefu wametoka katika familia zilizokuwa na uwezo wa kulipia shule za Kiingereza, na hilo peke yake ni suala la tabaka. Bama, Valmiki, Murugan, Imayam (swali la 16) na Byapari wote waliandika kwa lugha za nyumbani na kufikiwa na dunia kupitia wafasiri kama Lakshmi Holmström, aliyetafsiri *Karukku*.

## Mamlaka nje ya kurasa

12. Je, waandishi hawa hupata matatizo?

Ndiyo, na matatizo yao yanafanana sana na yale wanayoyaandika. Riwaya ya Perumal Murugan iliyotoka mwaka 2010, inayojulikana kwa Kiingereza kama *One Part Woman*, inasimulia wanandoa wa kasta ya Gounder wanaokosa mtoto na desturi ya sikukuu ya hekalu la Tiruchengode. Miaka minne baadaye makundi ya kasta na ya kidini yaliichoma na kuufunga mji. Januari 2015 aliitwa kwenye kikao mbele ya maofisa wa wilaya na kulazimika kuomba radhi. Kisha akatangaza kwamba Perumal Murugan mwandishi amekufa, na kwamba kilichobaki ni mwalimu. Mahakama Kuu ya Madras ilimtetea Julai 2016, ikisema mwandishi afufuliwe arudi kwenye kazi anayoiweza: aandike. Riwaya yake *Pyre*, ya vijana wawili wa kasta tofauti waliooana kwa siri, imetabarukiwa kwa kijana Mdalit aliyekufa baada ya ndoa kama hiyo.

Hansda Sowvendra Shekhar, daktari na mwandishi wa kabila la Santhal, aliandika mwaka 2015 hadithi ya mpiga muziki mzee anayekataa kutumbuiza mbele ya rais wa nchi kwa sababu ardhi ya watu wake imechukuliwa na migodi na mitambo. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Jharkhand ilipiga marufuku mkusanyiko wenye hadithi hiyo, kwa tuhuma kwamba unawadhalilisha wanawake wa Kisanthal, na kumsimamisha kazi ya udaktari. Marufuku iliondolewa miezi michache baadaye. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Delhi kiliondoa katika mtaala wake wa Kiingereza hadithi ya Mahasweta Devi kuhusu mwanamke wa kabila la asili anayebakwa na askari, pamoja na maandishi ya Bama na mshairi Sukirtharani.

## Maswali ya pembeni na yenye utata

13. Kasta si jambo la dini ya Kihindu peke yake?

Hapana. Familia inayomwangamiza Velutha ni ya Wakristo. Bama ni Mkatoliki aliyeingia utawa akiamini atawatumikia watoto maskini, akakuta masista wakiwahudumia wenye nacho na kuwasema vibaya Wadalit mbele yake, akatoka. Sheria nayo inaongeza ugumu: Wadalit Wakristo na Waislamu hawahesabiwi katika orodha rasmi ya kasta zinazostahili nafasi maalumu, ilhali Wahindu, Wasikh na Wabuddha wamo.

Kwa upande wa Waislamu, soma *Heart Lamp* ya Banu Mushtaq, iliyoandikwa kwa Kikannada na kupata tuzo ya Booker ya Kimataifa mwaka 2025. Humo mamlaka yako mikononi mwa waume na mutawalli, yaani msimamizi wa msikiti, na mwanamke aliyetelekezwa anajifunza kwamba mlango wa haki una bawabu.

14. Nimesoma riwaya ya India ambayo kasta haitajwi kabisa. Ina maana haipo?

Mara nyingi ina maana kwamba wahusika wako mahali ambapo hawahitaji kuitaja. Angalia majina ya ukoo, nani anaingia jikoni, nani anakunywa kwa kikombe chake peke yake, na nani hana jina. *Ghachar Ghochar* ya Vivek Shanbhag inahusu familia ya Bangalore iliyotajirika ghafla kwa biashara ya viungo, na karibu yote ni hadithi ya fedha. Lakini jinsi familia hiyo inavyomfukuza mlangoni mwanamke aliyeleta chakula kwa mapenzi inaonyesha ukuta ukijengwa upya kwa matofali mengine.

15. Riwaya hizi zina uhusiano gani na Wahindi wa Afrika Mashariki?

Uhusiano upo, ila ni wa kuangaliwa kwa makini. Waliovuka bahari hawakuja na ngazi nzima. Walikuja zaidi wafanyabiashara wa Kigujarati na mafundi wa Kipunjabi, na makalasinga wengi waliokuja na reli walitoka katika jamii za maseremala na wahunzi. Huku kila jumuiya ilijenga shule na ukumbi wake, na swali la ndoa likabaki pale pale. Katika *The Gunny Sack* ya M. G. Vassanji, riwaya ya mwaka 1989 inayotokea Tanzania, mfanyabiashara mhamiaji anazaa mtoto na mtumwa, Bibi Taratibu, kisha anamweka kando mama huyo na kuoa mke wa jamii yake. Mfanyabiashara amehamia pwani yetu, na mamlaka yamepata mtu mwingine wa kuyabeba.

16. Je, kuna riwaya ambamo Mdalit ndiye mwenye mamlaka?

Zipo, nazo ndizo zinazostahili kusomwa na kila anayeona kwamba fasihi hii ni vilio vitupu. Ajay Navaria, anayeandika kwa Kihindi kuhusu Wadalit wa mjini wenye kazi nzuri, ana hadithi ya tarishi Mbrahmini anayelazimika kumtumikia bosi Mdalit, na chuki yake inavyomla kila anapopeleka chai. Imayam, katika riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1994, alionyesha familia ya wafua nguo wanaowafulia Wadalit na kudharauliwa na Wadalit hao hao. Alilaumiwa na baadhi ya wenzake kwa kutoa siri za ndani.

Aliyekwenda mbali zaidi ni P. Sivakami, aliyekuwa ofisa mwandamizi wa serikali. Katika riwaya yake ya 1989, iliyotafsiriwa kama *The Grip of Change*, mjane Mdalit aitwaye Thangam anapigwa na watu wa kasta ya juu na kukimbilia kwa Kathamuthu, kiongozi wa Kidalit mwenye wake wawili na ulimi mkali. Kathamuthu anajua sheria, anajua polisi wanasikia nini, na anaibadilisha taarifa ya Thangam ili kosa liangukie panapotakiwa. Anamshindia fidia. Kisha anazichukua fedha na kumchukua Thangam mwenyewe, na anayeyaona yote ni binti yake, Gowri, ambaye anaamua kusoma ili atoke katika nyumba hiyo.

Wapo waliosema kitabu kinawapa maadui silaha. Sivakami alijibu kwa kuandika kitabu cha pili, ambamo mwandishi anarudi kijijini na kuanza kuwahoji watu kuhusu riwaya yake mwenyewe: nini alikiona, nini alikikwepa, na kwa nini alimchora baba yule kwa wino mweusi kiasi kile. Matoleo ya Kiingereza yanaviweka vitabu vyote viwili ndani ya jalada moja, na vinapaswa kusomwa kwa mfululizo huo.